Barua Aliyosomewa Mbodze

Likizo ya Agosti mwaka wa hamsini na sita, Sefu bin Abdurahman alirudi Kinondo kutoka shule ya bweni Mombasa akiwa na sanduku la bati, suruali mbili za kaki na kitabu kimoja cha Kiingereza kilichomkosesha raha. Alikuwa kidato cha tatu, na majirani walikuwa wameshampa ukarani kabla hajamaliza. Mwalimu wao Mzungu aliwaachia swali moja tu la likizo, naye alilinakili ndani ya jalada: onyesha ni wapi hasa msichana wa nyumba ya mawe anageuka kuwa mlipiza kisasi. Kurasa sita. Sefu alikisoma kitabu mara mbili, kamusi pembeni, na bado mahali penyewe hakupaona.

Wiki ile nyumbani haikuwa ya kusoma. Paa lilikuwa limechakaa, jua likipiga linachora madoa sakafuni, na mama yake, Mwanapili, alikuwa amewaita majirani wamshonee makuti. Desturi yake inajulikana: humlipi mtu kwa kazi hiyo, unamlisha. Wanawake huja baada ya kazi zao za asubuhi, hukaa mkekani uani, hushona na kusema watu, na mwenye nyumba hupika wali hadi paa litimie. Waliokuwa hawakosi ni Bi Esha, mwenye ulimi mkali kuliko kisu, na Bi Mwanasha, mjane wa nyumba ya pili, aliyecheka kila Bi Esha alipofungua kinywa.

Lakini aliyepika hasa si mwenye nyumba. Alikuwa Mbodze. Mbodze alikuwa Mduruma wa bara, juu ya Kinango, na babake alimleta mwaka wa njaa kubwa akiwa na miaka minane. Siku hizo njaa ikibana huko juu, mtu humshusha mtoto pwani kwa rafiki, hupewa kikapu cha mahindi, na mvua ikirudi huja kumchukua mwanawe. Mvua ilikuwa imerudi zamani. Mbodze sasa alikuwa na miaka ishirini, na bado alikuna nazi katika ua wa Mwanapili, akila baada ya wote kula, na mara nyingi akila ukoko. Watu wakiuliza, Mwanapili alisema, "Huyu ni mwanangu kama Sefu." Hakuna aliyemuuliza kwa nini mwana mmoja yuko shule na mwingine yuko jikoni.

"Na wewe msomi," Bi Esha alimwita Sefu siku ya kwanza ya makuti, "kitabu gani hicho unachokikunjia uso kama umekula ndimu? Tusomee nasi."

"Ni cha Kiingereza, Bi Esha."

"Kwani Kiingereza hakitafsiriki? Au huko shule wanakufundisha kusoma kimyakimya kama mtu anayeiba?"

Sefu alicheka, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akawahadithia. Kulikuwa na nyumba kubwa ya mawe huko kwenye nchi ya baridi, ina vyumba arobaini na nusu yake imefungwa. Ndani yake kulikuwa na msichana yatima aliyeshika funguo. Siku ya karamu, pete ya bibi mwenye nyumba ikapotea. Msichana akapekuliwa mbele ya wageni wote, akafunguliwa nywele, akavuliwa viatu. Mwisho pete ikaonekana ndani ya glavu ya bibi mwenyewe.

"Wakamtaka radhi?" Bi Mwanasha aliuliza, mkono wenye ukindu umesimama.

"Hapana. Bibi alicheka, akavaa pete yake, akamwambia msichana alete chumvi mezani, nyama inapoa. Basi yule msichana akabaki katika nyumba ile miaka kumi na mitano, na mmoja mmoja wakaharibikiwa wote, na funguo ziko mkononi mwake."

"Haki yao!" Mwanapili alisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Watu wasio na haya! Mtoto wa watu umemweka kwako, akutumikie, halafu umvunjie heshima? Kama hawakumtaka, si wangemrudisha kwao?"

Wanawake wote waliitikia. Sefu aliinamisha macho kitabuni, ingawa hakuwa anasoma kitu. Uso ulimwaka. Alimtazama mama yake kwa upande, akaona kwamba alichosema alikisema kwa moyo mweupe kabisa, hana habari na nafsi yake, na hilo lilimtia aibu kuliko kama angekuwa anajifanya.

"Sasa mwalimu anataka tuonyeshe kisasi kimeanzia wapi," alisema ili wasimtazame. "Mimi naona ni pale alipopekuliwa."

"Si pale."

Aliyesema ni Mbodze. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya nazi, amewapa mgongo, na hakuacha kukuna. "Kupekuliwa ni jambo la ghafla. Mtu husema, wamekasirika, hasira zitawatoka. Ni pale walipokwisha kujua kuwa hana kosa, wakamtuma chumvi."

 Bi Esha akasema, "Haya, Mombasa wamempeleka siye wa kupelekwa," na watu wakacheka, kazi ikaendelea. Sefu alichomoa penseli, akayaandika maneno yale pembezoni mwa ukurasa. Yalikuwa ndiyo jibu lenyewe. Hakumwambia hata ahsante.

*

Jambo lililomchoma Sefu lilikuwa na umri wa miaka sita. Mwaka wa hamsini, babake Mbodze, Mzee Kavumbi, alituma neno kwamba kumevunwa, na kwamba anaomba mwanawe arudi. Mwanapili siku hizo miguu ilikuwa inamvimba, hawezi kuchota maji wala kusimama jikoni. Alilia siku mbili. "Ataondoka, na mimi nitabaki na nani?" alimwambia mumewe. Abdurahman alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa kukimbia mambo. Alisema, "Fanyeni mnavyoona," akachukua kofia yake akaenda msikitini.

Basi Mwanapili alimkalisha Sefu, mwenye miaka kumi na miwili na mwandiko uliosifiwa na mwalimu, akamwandikisha barua. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba Mbodze hataki kurudi, kwamba amekwisha kusilimu na jina la babake halitumii tena, kwamba wasimtume mtu mwingine kumwita, na kwamba baba yake ni huyu aliyemlisha. Hata hilo la kusilimu halikuwa kweli. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kujisumbua kumfundisha Mbodze hata kutia udhu.

Kisha Mbodze akaitwa aweke dole. Aliambiwa ni barua ya salamu kwa babake, akafurahi mpaka akanawa mikono mara mbili asichafue karatasi. Alimwambia Sefu maneno yake mwenyewe anayotaka yawemo, na Sefu akasema, "Yote nimeandika, dada, sikiliza," akainua ile karatasi ya mistari minne na kumsomea barua ndefu ambayo haikuwepo. Aliisoma vizuri. Aliipamba hata. Mbodze alisikiliza huku ameshika mdomo, kisha akachovya dole gumba kwenye wino, akalibana chini ya maneno ya kumkana babake. Sefu alipewa mahamri mawili kwa kazi ile, akayala nyuma ya nyumba.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kumwita Mbodze, na Mwanapili alizoea kumwambia, kwa sauti ya huruma kabisa, "Watu wako wamekusahau, mwanangu. Shukuru Mungu sisi tupo."

*

Siku ya nne ya makuti, kabla ya adhuhuri, mtu alipiga hodi nje ya ua. Alikuwa kijana mrefu mwenye kaptura iliyotiwa viraka na makovu ya majani ya miwa mikononi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," Mwanapili alisema. "Nani mwenzetu?"

"Shikamoo, mama. Naitwa Chengo wa Kavumbi. Nakata miwa Ramisi. Nimekuja kumwona dada yangu, neno moja tu, kisha niende."

Mbuzi ya nazi ilinyamaza. Mbodze alisimama, nazi mkononi, akamtazama yule kijana aliyemwacha akiwa hana meno ya mbele. Alipiga hatua moja. Chengo hakupiga.

"Baba ni mgonjwa," alisema, bila kumwamkia. "Haoni tena, na kifua kimejaa. Anataka kujua kabla hajafa: je, ile barua ni neno lako? Ukisema ni lako, naondoka, na jina lako halitatajwa tena kwetu. Ukisema si lako, twende leo."

"Ni langu," Mbodze alisema upesi, uso umemchanua. "Mimi ndiye niliyetuma salamu. Nilimwambia aje anichukue. Nilingoja, Chengo. Mbona hakuja?"

"Aje wapi? Umemwambia yeye si babako!"

"Mimi?"

Wanawake waliacha kushona. Mwanapili aliinuka kwa taabu, akishika kiuno. "Haya ni mambo ya zamani, mwanangu," alimwambia Chengo, "usije kwangu kwa fujo. Mbodze, uliweka dole au hukuweka?"

"Niliweka, mama."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi. Watu wamesikia." Mwanapili akaketi. Sauti yake ilitetemeka kidogo mwishoni, lakini aliyeisikia ni Sefu peke yake.

Chengo alitia mkono mfukoni mwa shati, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imekuwa mitobo. "Mwalimu wa misheni ndiye aliyetusomea, naye amehamia Voi. Mimi sijui kusoma. Dada hajui. Hapa kuna msomi?"

Kila mtu alimgeukia Sefu. Bi Esha hata alionyesha kwa kidole, kwa fahari ya jirani. "Yule pale. Huyo anasoma mpaka vya Wazungu."

Sefu aliipokea. Mwandiko ulikuwa wake, ile herufi kubwa ya K aliyokuwa akiipenda sana na kuitia mkia. Wino ulikuwa mzima, kila neno linasomeka. Chini lilikuwapo dole, jeusi, dogo. Aliinua macho akakutana na ya mama yake, na macho yale hayakuwa ya ukali. Yalikuwa yakimwomba. Akamwona babake pia, amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, tayari ameshika kofia yake.

Sefu alikuwa na miaka kumi na minane. Aliweza kusoma maneno yale kwa pumzi moja.

"Wino umefutika," alisema. "Hayasomeki."

Mwanapili alishusha pumzi. "Mmeona? Karatasi yenyewe haina neno. Mbodze, mletee mgeni maji, kisha pakua wali, watu wana njaa."

Mbodze hakumtazama yeyote. Aliweka nazi chini, akaingia jikoni, akatoka na maji katika kata, akampa nduguye kwa mikono miwili kama mgeni mwingine yeyote. Sefu alimwona akifanya hivyo. Zile kurasa sita alizokuwa akizihangaikia zilikuwa mbele yake, hazihitaji kamusi, na yeye alikuwa upande wa wenye nyumba.

Chengo hakunywa. Aliichukua karatasi yake, akaikunja, akatoka.

*

Sefu alimfikia kwenye njia ya kwenda barabara kuu, kando ya shamba la mihogo. Alikuwa hakuvaa viatu na alikuwa akihema.

"Niliiandika mimi," alisema. "Kila neno. Yeye hakujua. Nilimsomea mengine."

Chengo alisimama. Alikuwa na mikono ya kuvunja mtu, na Sefu alitamani aitumie, mambo yaishe. Lakini Chengo aliuliza tu, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Na huo wino wa leo ulifutika ukiwa na miaka mingapi?"

Sefu alitazama miguu yake isiyo na viatu.

"Ya kumi na miwili nakusamehe mimi," Chengo alisema. "Mtoto hutumwa. Ya leo kamwombe mwenyewe. Na si pembeni kama hapa, unaninong'oneza kwenye mihogo ya watu. Pale pale uani, na wale wale mama wakisikia."

Walirudi pamoja, Sefu mbele. Njia ilikuwa fupi sana. Walipoingia, sinia zilikuwa zimekwisha kuwekwa na watu wanakula, na Mbodze alikuwa amesimama na birika, akiwamiminia maji ya kunawa. Sefu alinyoosha mkono, Chengo akampa karatasi.

"Wino haukufutika," alisema. "Nilisema uongo."

"Sefu!" mama yake alisema.

Aliisoma. Mistari minne haichukui muda. Alipofika mahali pa "baba yangu ni huyu aliyenilisha," Bi Mwanasha, aliyekuwa akicheka kila kitu, alirudisha tonge la wali kwenye sinia.  Bi Esha alianza kutafuta kanga yake, na wengine wakafuata, wakinawa haraka, wakitoka bila kuaga. Kazi ya makuti iliishia hapo. Kula chakula cha mtu na huku unamwonea haya ni jambo gumu kwa watu wa pwani, na Mwanapili alilijua hilo. Alijifunika uso kwa upindo wa leso.

"Niliogopa," alisema ndani ya leso. "Miguu ilikuwa haisimami. Nilikupenda pia, Mungu ni shahidi, nilikupenda." Kisha akaendelea, sasa kwa woga hasa, kwa maana hadithi ile ya Sefu ilikuwa imemwingia: "Usitufanyie kama yule wa kitabuni, mwanangu. Usitubakie humu na kinyongo."

"Yule hakuwa na kwao," Mbodze alisema.

Aliweka birika chini. Alimwendea Sefu, akaitazama karatasi kwa muda, hasa pale penye dole.

"Na ile uliyonisomea," aliuliza, "iko wapi?"

"Haikuwapo, dada. Niliitunga."

"Haikuandikwa kabisa?"

"Haikuandikwa."

"Basi iandike sasa."

Sefu alileta daftari lake la shule na kalamu, lile alilolitenga kwa kurasa sita, akakaa chini mkekani.  "Siikumbuki," alisema, na safari hii ilikuwa kweli.

"Mimi naikumbuka," Mbodze alisema.

Alisimama wima, mikono kifuani, kama mtoto anayetoa somo, akaitoa yote. "Kwa baba yangu Kavumbi. Salamu nyingi. Mimi ni mzima, wala sina ugonjwa. Nimesikia kumevunwa, nimefurahi. Njoo unichukue kabla ya mwezi kuandama, nitakuwa tayari. Mwambie mama yule mbuzi mwenye baka jeupe ni wangu, asiuzwe. Chengo asipande mkorosho, ataanguka." Hapo Chengo aligeuza uso, akatazama ukuta. Mbodze hakusita. "Huku wananitunza, lakini si kwetu. Nami ni mwanao mtiifu, hata bahari ikikauka na mchanga wake ukahesabiwa."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa ya Sefu mwenyewe. Aliyatia siku ile kwa mbwembwe, ili aonekane anajua kuandika. Miaka sita Mbodze alikuwa ameyabeba pamoja na mengine, akiamini yamefika. Sefu aliyaandika kama alivyoyasikia, na chozi likadondokea neno la bahari, wino ukasambaa, akalazimika kuliandika tena.

Alipomaliza alichana ukurasa, akaupuliza ukauke. Kwa mazoea akamsogezea kidau cha wino ili atie dole.

Mbodze alipokea karatasi, akaikunja mara nne. Kidau hakukigusa.

"Dole nakwenda nalo mwenyewe," alisema.

Alipita jikoni kuchukua leso yake ya pili, akatoka na nduguye kwa njia ya mihogo. Abdurahman aliwafuata hadi mlangoni, kofia mkononi. Uani kulibaki makuti yaliyoshonwa nusu, sinia za wali, na nazi moja iliyokunwa upande mmoja. Baada ya kitambo Mwanapili aliinuka, akaketi juu ya mbuzi, akajaribu kuimalizia. Sefu alimsikia akikuna, taratibu, kwa mkono usiozoea, na hakuweza kuinua kichwa kumtazama.